Vijana Wetu na Ufadhili wa Masomo ya Juu

 

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa Kidato cha Sita yatangazwapo, aghalabu mwezi wa Julai, nyumba nyingi za Waislamu huingia furaha. Jirani huja kutoa hongera, mama hupika, na baba husujudu sijida ya shukrani. Lakini ziko nyumba ambazo furaha hiyo hudumu siku tatu tu. Siku ya nne huulizwa swali: ada itatoka wapi? Hapo ndipo mzazi huanza kuzunguka kwa jamaa, kwa imamu, kwa mfanya biashara wa mtaani, na kwa kila aliyesikia kuwa ana mtu wizarani. Jibu alipatalo mara nyingi si kwamba ufadhili haupo. Jibu ni kwamba siku zimekwisha pita, au kijana umri wake umezidi, au vyeti vyake havipatani.

Sisi twaona kuwa msaada wa masomo hukosekana nyumbani kabla ya kukosekana ofisini. Kwa hiyo maneno yetu ya mwezi huu twayaelekeza kwa wazazi na kwa vijana walio katika skuli za sekondari, hasa wale ambao bado wana miaka miwili au mitatu mbele yao, kwani hao ndio ambao nasaha huwafaa.

Jambo hili si geni katika Uislamu

Wako wazee wanaoona haya kuomba msaada wa masomo, wakidhani kuwa ni aina ya kunyosha mkono njiani. Dhana hiyo si sahihi. Waislamu walikuwa na utaratibu wa kuwafadhili wanafunzi tangu zamani za kale, na njia yao kubwa ilikuwa wakfu. Tajiri aliweka shamba, duka au hamamu kuwa wakfu, na mapato yake yakawalisha walimu na wanafunzi. Waziri Nidham al-Mulk alipofungua madrasa ya Nidhamiya mjini Baghdad mwaka 1067, aliiwekea wakfu wa kuwatosheleza waliosoma humo. Katika Al-Azhar mjini Cairo, wageni waliotoka nchi za mbali walikuwa na riwaki zao za kulala na posho yao ya mkate, na mojawapo ilikuwa ya watu waliotoka pande za Pembe ya Afrika.

Na ni nani asiyemjua Imamu Ghazali? Wanahistoria wasimulia kwamba baba yake alikuwa maskini, mfumaji wa sufi katika mji wa Tus. Alipokaribia kufa aliwausia wanawe wawili kwa rafiki yake mcha Mungu. Fedha kidogo alizoziacha zilipokwisha, mlezi yule aliwaambia vijana wale waingie madrasa, ambako mwanafunzi alipata chakula pamoja na elimu. Kijana yule yatima ndiye aliyekuja kuwa mwalimu mkuu wa Nidhamiya ya Baghdad mwaka 1091, na vitabu vyake vyasomwa hadi leo katika baraza na misikiti ya pwani yetu. Lau mlezi wake angeona haya, umma ungepoteza kiasi gani?

Basi kuomba ufadhili si aibu. Aibu ni kuupata kwa uongo, au kuupata kisha mtu asisome.

Milango iliyo wazi

Hatuwezi kuitaja milango yote, ila tutataja ile ambayo familia zetu hukutana nayo zaidi.

Kwa Tanzania, mlango wa kwanza ni Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyowekwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Zanzibar ina bodi yake yenyewe. Wazazi na wafahamu kuwa huu ni mkopo, wala si zawadi. Mwenye kuajiriwa hukatwa sehemu ya mshahara wake mpaka deni liishe. Zamani Waislamu wengi waliukimbia mkopo wa Tanzania Bara kwa sababu ya nyongeza ya asilimia 6 kwa mwaka iliyoitwa ya kulinda thamani ya fedha. Nyongeza hiyo iliondolewa mwaka 2021. Mwenye shaka iliyobaki na amwendee mwanachuoni akiwa na masharti ya mkopo mkononi, asiulize kwa habari za kusikia. Ndugu zetu wa Kenya nao wana bodi yao, HELB, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1995. Masharti yake yasomwe yenyewe, yasipimwe kwa ya Tanzania.

Tena tangu mwaka 2022 Serikali ya Tanzania imekuwa ikitoa Ufadhili wa Samia kwa wanafunzi waliofaulu kwa daraja za juu kabisa katika masomo ya sayansi ya Kidato cha Sita, ili wasome sayansi, uhandisi au tiba katika vyuo vya nchini. Huo si mkopo. Kijana wa Kidato cha Tatu anayependa hisabati na ajue habari hii leo, kwani itamtia bidii.

Mlango wa tatu ni wa nchi za Kiislamu. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichoanzishwa mwaka 1961, huwapokea wanafunzi wa mataifa mengi kwa gharama zake: masomo, malazi, posho na tikiti ya ndege. Wengi wetu twakijua kwa sharia, hadithi na Kurani. Siku hizi kina pia vitivo vya sayansi, uhandisi na kompyuta. Huomba umri usiozidi miaka 25, na cheti cha sekondari ambacho hakijapita miaka mitano. Al-Azhar nayo hutoa nafasi kwa wageni, lakini huangalia kama shahada ya thanawi imetoka katika chuo inachokitambua. Mzazi anayempeleka mwanawe katika maahadi na aulize swali hilo siku ya kumwandikisha, asingoje siku ya kumaliza.

Serikali ya Uturuki ina mpango uitwao Türkiye Bursları, ambao kwa jina hili ulianza mwaka 2012. Hulipa ada, malazi, posho ya kila mwezi, bima ya afya, tikiti ya kwenda na kurudi, na mwaka mmoja wa kujifunza Kituruki. Kwa shahada ya kwanza, mwombaji hutakiwa awe chini ya miaka 21, na awe amepata angalau asilimia 70, na 90 kwa masomo ya tiba. Kwa kawaida maombi hufunguliwa tarehe 10 Januari na kufungwa tarehe 20 Februari. Msomaji na aitazame kalenda: wakati huo mwanafunzi wetu wa Kidato cha Sita bado yumo darasani, na mtihani wake ni mwezi wa Mei. Mpango huu humruhusu aombe kabla hajamaliza, iwapo atamaliza mwaka huo huo. Lakini anayengoja matokeo ya Julai ndipo aanze kuulizia, huwa ameukosa mwaka mzima, na pengine mwaka unaofuata umri wake utakuwa umepita.

Asiogope kijana kusoma kwa lugha asiyoijua. Mtume (S.A.W.) alimwamuru Zaid bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi, naye akayajua kwa muda wa karibu nusu mwezi. Sisi wengine tutahitaji zaidi ya nusu mwezi, lakini njia ni ile ile.

Mwisho tutaje Benki ya Maendeleo ya Kiislamu yenye makao yake Jeddah. Mwaka 1983 ilianzisha mpango wa kuwasomesha vijana wa jamii za Kiislamu katika nchi zisizo wanachama wake, na Tanzania na Kenya zimo katika hizo. Mpango ule ulijengwa juu ya jambo zuri: fedha ni kardh hasan kwa mwanafunzi, yaani mkopo usio na nyongeza, na ni zawadi kwa jamii yake. Mwanafunzi akipata kazi huzirudisha, ili ziwasomeshe wadogo zake katika jamii ile ile.

Mtu mmoja, jina moja

Sasa twaja kwenye jambo ambalo limewafungia vijana wetu milango mingi kuliko ufaulu mdogo. Nalo ni majina.

Chukua mfano wa kijana ambaye cheti chake cha kuzaliwa kimeandikwa Mohamed Salim Juma. Mwalimu wa darasa la kwanza alimwandika Muhammad Salim, kwa kuwa ndivyo mama alivyotamka. Cheti cha Kidato cha Nne kikatoka kwa jina la Mohammed Salim Bakari, kwa sababu mjomba aliyemwandikisha alitumia jina la ukoo. Shahada ya madrasa ina jina la Muhammad bin Salim. Sisi tunaoishi naye twajua kuwa ni mtu mmoja. Ofisa aliye Dodoma, Ankara au Jeddah hamjui; mbele yake pana watu wanne, naye hana wakati wa kuwapatanisha.

Dini yetu haikudharau maandishi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, aya ya 282 ya Suratul Bakara, ni juu ya kuandika deni na kulishuhudishia. Watu walioteremshiwa aya hiyo hawafai kuweka vyeti vya watoto chini ya godoro na kuvitoa vikiwa vimeliwa na mende.

Basi twashauri hivi. Kwanza, kila mtoto na apatiwe cheti cha kuzaliwa akiwa mdogo, na jina lililomo ndilo liandikwe skuli, madrasani na kila mahali, herufi kwa herufi. Pili, kabla mtoto hajaandikishwa kwa mtihani wa taifa, mzazi na aende mwenyewe kwa mwalimu mkuu, aitazame orodha na kulisoma jina; kosa ni rahisi kusahihishwa kabla ya mtihani kuliko baada ya cheti kuchapwa. Tatu, majina yakiwa yamekwisha tofautiana, itafutwe hati ya kiapo kwa wakili au mahakamani mapema, si wiki ya mwisho. Nne, vyeti vya kuzaliwa hutakiwa vihakikiwe: Tanzania Bara na RITA, na Zanzibar na wakala wa usajili wa huko. Yatima na awe na cheti cha kifo cha mzazi wake, kwani bila karatasi hiyo uyatima wake hauhesabiwi. Familia nyingi huzika, husoma hitima, wala hazikumbuki kuandikisha kifo, na anayekuja kudhurika ni mtoto.

Haya yote yafanywe kabla ya Kidato cha Sita kumalizika. Sababu ni kwamba wahitimu huitwa katika makambi ya JKT karibu na majira yale yale ambayo maombi ya mikopo hufunguliwa. Kijana aliye kambini hawezi kuja kutafuta muhuri wa serikali ya mtaa.

Jambo jingine ni dogo lakini lina madhara makubwa. Vijana wengi huenda duka la steshenari kujaziwa maombi, na mwenye duka hutumia barua pepe yake na neno la siri lake. Miezi miwili baadaye huitwa kwenye usaili, na wito unafika kwa mtu aliyekwisha wasahau. Kila mwombaji na awe na barua pepe yake mwenyewe, aandike neno la siri katika daftari lake, na aifungue kila siku mbili. Nakala za vyeti vyote na aziweke pia kwa mtu mwaminifu.

Barua ya maombi

Wafadhili wengi huomba mwombaji aeleze yeye ni nani, ataka kusoma nini na kwa nini. Hapa vijana wetu huandika maneno makubwa ya kunakili, kwamba wataka kulijenga taifa na kuubadilisha ulimwengu. Ofisa asomaye barua elfu ameyasoma maneno hayo mara elfu.

Na aandike ukweli wake. Kijana afundishaye watoto alifu kwa kijiti kila siku baada ya Alasiri kwa miaka minne, amefanya kazi ya kuhudumia jamii. Msichana ashikaye daftari la michango ya akina mama wa maulidi, na hesabu zake zisipotee hata senti, ameonyesha uaminifu. Aliyesimamia zamu za kuchota maji ya msikiti ameongoza watu. Wafadhili huyatafuta mambo haya haya, na watoto wetu wanayo, lakini huyaacha kwa kudhani kuwa mambo ya madrasa hayana thamani nje ya madrasa. Na ayaandike kwa miaka na idadi: alianza lini, aliwafundisha wangapi, walihitimu wangapi.

Nasi walimu wa madrasa tuna sehemu yetu. Tukiombwa barua ya kumshuhudia mwanafunzi, tusiandike mistari miwili kwamba ana adabu. Hata sisi ambao elimu yetu ni ya chuo cha Kurani na skuli ya msingi twaweza kuandika kwa Kiswahili kizuri yale tuliyoyaona, kisha tukamtafuta wa kuifasiri. Kumshuhudia mtu kwa haki ni amana.

Ukweli na wadanganyifu

Wapo wanaowashawishi vijana wapunguze umri, wajiite yatima ilhali baba yu hai, au wanunue barua ya umaskini. Twasema wazi kuwa hii ni haramu. Nafasi iliyopatikana kwa uongo imeporwa kwa yatima wa kweli. Tena elimu iliyoanza kwa kiapo cha uongo itapata wapi baraka? Na karatasi hazikai kimya. Uongo wa leo huweza kufichuliwa mwaka wa mwisho wa masomo.

Wapo pia wale wauzao nafasi zisizo zao. Mtu akupigiaye simu na kusema umekwisha chaguliwa, tuma fedha ya kufungua faili, huyo ni mwizi. Maombi ya Türkiye Bursları hayana malipo. Ada ya maombi ya mkopo wa Tanzania hulipwa kwa namba ya malipo itolewayo na mfumo wa serikali, wala hailipwi kwa simu ya mtu. Kila tangazo lihakikishwe katika tovuti ya chombo chenyewe au ubalozi wenyewe.

Na binti zetu?

Katika nyumba nyingi, kaka akipata nafasi hufanyiwa dua, na dada akipata hufanyiwa kikao. Hatusemi kuwa hofu ya mzazi kwa binti yake haina msingi. Ulinzi wake ni wajibu, na safari ina hukumu zake ambazo familia na ziulize kwa wanavyuoni. Lakini hofu isiwe kisingizio cha kufunga mlango bila kuuliza. Karibu na nyumbani kuna vyuo ambavyo binti aweza kusoma huku akihifadhi dini yake: Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, Chuo Kikuu cha Zanzibar kilichoko Tunguu, na Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait. Huko naye aweza kuomba mkopo, akakaa kwa jamaa au katika bweni la wanawake. Tukumbuke kuwa msikiti wa Karawiyyin mjini Fes, uliokuja kuwa chuo kikubwa, hutajwa kuwa ulijengwa mwaka 859 kwa mali ya mwanamke, Fatima al-Fihri. Na Bibi Aisha (R.A.) aliwafundisha Masahaba. Tutataka daktari wa kike awatibu wake zetu, naye atatoka nyumba ya nani?

Wajibu wa msikiti

Ufadhili mkubwa mara nyingi hupotea kwa kukosa fedha ndogo: nauli ya kwenda kwenye usaili, gharama ya cheti, malipo ya pasipoti. Msikiti mmoja hauwezi kumlipia kijana miaka minne ya chuo kikuu, lakini waweza kuwa na mfuko mdogo wa kardh hasan wa kumvusha kizingiti hicho. Kadhalika msikiti waweza kuwa na ubao wenye tarehe za kufunguliwa na kufungwa maombi, na mwalimu mstaafu mmoja akakaa baada ya sala ya Ijumaa kuwasaidia vijana kusoma masharti. Hayo hayahitaji mfadhili kutoka ng'ambo.

Wazee wetu walifanya makubwa zaidi. Kule Mombasa ilijengwa Taasisi ya Elimu ya Waislamu kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamaa wa Bohora na serikali ya wakati ule, na wanafunzi wa kwanza wakaingia mwaka 1951 kusoma ufundi. Leo taasisi hiyo ni chuo kikuu, Technical University of Mombasa. Waliotoa wamekwisha kufa wengi wao, na vijana wangali wakisoma.

Kwenu vijana

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kuinama kwenu ni kusoma, kisha kuzijua tarehe, kisha kuvitunza vyeti. Yule bedui aliyemwuliza Mtume (S.A.W.) kama amwache ngamia wake na kumtegemea Mungu, aliambiwa amfunge kwanza ndipo ategemee. Ombeni mahali pengi, wala msikate tamaa kwa kukataliwa mara moja; na anayekosa chuo kikuu, vyuo vya ufundi na ualimu navyo ni elimu.

Na mtakaofanikiwa, kumbukeni kuwa deni ni deni. Mtume (S.A.W.) alikataa kumsalia maiti mwenye deni mpaka mmoja wa Masahaba alipolichukua juu yake. Aliyekopa na alipe. Na aliyepewa bure naye ana deni: amwandikie mdogo wake wa mtaani, amweleze njia aliyopita, mlango ulikuwa wapi na ulifungwa lini.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awafungulie watoto wetu milango ya elimu yenye manufaa, awape wazazi subira na uangalifu, na awajaalie wenye mali katika sisi wawe wenye kuwasomesha wasio nayo. Amin.